Tangu ninunue vikombe vya kupimia, keki zangu zinalala katikati

Mama_Vanila (Sakina, Arusha)
Jumatatu, saa 2:50 usiku

Habari za jioni wapendwa. Naombeni msaada kabla sijaanza kurudishia watu hela zao.

Nina miaka sita naoka keki za oda. Nilianzia Pasua kule Moshi, kwa jiko la mkaa, sufuria na mkaa mwingine juu ya mfuniko, baadaye nikapata oveni ya gesi. Mwezi wa nne mume wangu alihamishiwa Arusha, tukahamia huku Sakina. Katika kuhama, kikombe changu kikapotea. Msicheke. Ni kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, kimebanduka rangi pale unaposhika. Nimefungua maboksi yote, nimempigia mpaka dereva wa Fuso. Hakipo.

Keki yangu yote ilikuwa ndani ya kile kikombe. Unga vikombe vitatu. Sukari kimoja na nusu. Blue Band ya gramu 250, mayai sita, maziwa pakiti nzima ya robo lita, beking pauda vijiko vitatu vya chai, ganda la limau, na vanila kwa kukisia. Hivyo ndivyo alivyonifundisha shangazi, na sijawahi kuandika mahali popote kwa sababu sikuwa na haja.

Basi nikasema ngoja sasa niwe mtu wa kisasa. Nikaenda mjini nikanunua seti ya vikombe vya plastiki vya kupimia, vile vinavyoingiana. Nikaangalia video ya dada mmoja wa Marekani: anakoroga unga, anauchota kwa kijiko, anaumwagia kikombeni polepole, anafuta juu kwa mgongo wa kisu. Nikafanya hivyohivyo. Sijawahi kupima unga kwa adabu kama ile tangu nizaliwe.

Keki ya kwanza ilipanda mpaka ukingoni, nikaanza kuimba. Dakika ya thelathini ikalala katikati kama kitanda cha kamba. Juu imekauka, ndani chepechepe, na nilipobandua karatasi chini nikakuta mafuta yanang'aa. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa oda ya komunyo ya kwanza, nikajaza krimu pale kwenye shimo, nikaipeleka huku moyo unanidunda. Mteja hakusema kitu. Ila hajapiga simu tena, na zamani alikuwa haachi kunipigia.

Jirani anasema ni baridi ya Arusha. Mume wangu anasema oveni ilitikisika kwenye Fuso. Mimi nilishuku unga, nikabadilisha, wapi.

Swali langu: niendelee na hivi vikombe au ninunue mizani? Na nikinunua mizani nitajuaje gramu, wakati kipimo changu ni kikombe ambacho hakipo?

---

ChaliiWaSombetini
Jumatatu, saa 3:15 usiku

Pole sana dada, na karibu A-town. Jirani yako amekaribia ila siyo baridi, ni urefu wa mji. Moshi mjini mko kama mita 800 na kitu, sisi huku tupo kwenye 1,400. Ukipanda juu, hewa inapunguza kukandamiza, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, na ile gesi ya beking pauda inafura haraka kuliko ulivyozoea. Keki inapanda kabla ukuta wake haujakaza, halafu inaanguka. Ndiyo hiyo unayoiita kitanda cha kamba.

Punguza beking pauda, ongeza moto kidogo, tatizo limeisha. Mizani ya nini? Bibi zetu walipima kwa kiganja.

---

SkonziNaChai
Jumatatu, saa 3:40 usiku

Chalii, urefu wa mji haumwagi mafuta chini ya keki. Hapo umeruka.

Mimi nimezaliwa Kaloleni na naoka skonzi na keki hapahapa Arusha kila siku ya Mungu. Ni kweli beking pauda nyingi hapa inakuumbua. Lakini mafuta kwenye karatasi maana yake hayakupata unga wa kuyashika. Mama Vanila, geuza hivyo vikombe uangalie chini pameandikwa nini. Vya Kimarekani vingi ni mililita 240, vya Australia na vingine ni 250. Kijiko cha chakula nacho hivyohivyo: wengi wanahesabu mililita 15, Waaustralia 20. Nilishawahi kuharibu biskuti za chumvi kwa hesabu hiyo, nikawapa kuku, na kuku wenyewe walisitasita.

Hicho cha bati kilikuwa na ukubwa gani?

---

Mama_Vanila
Jumatatu, saa 3:52 usiku

Pameandikwa 240 ml. Cha bati hakikuandikwa kitu, dada yangu, kilikuwa kikombe cha kunywea uji! Nilikuwa nakishika kwa mkono mzima, vidole havikutani. Ndiyo kipimo ninachokumbuka.

---

MekuMizani
Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Mama Vanila, hujambo mwanangu. Nimeoka mikate miaka 22 pale Moshi kabla ya kustaafu, siku hizi ninafuga nyuki tu. Univumilie nikirefusha.

Mnazungumza kana kwamba kikombe ni kipimo. Nenda Mbuyuni ununue sado ya maharage, kisha ununue sado ya dagaa. Kopo ni lilelile la lita nne. Maharage utatafuta kijana wa kukubebea, dagaa utawaning'iniza kwenye kidole mpaka nyumbani. Unga una tabia za dagaa, umejaa hewa katikati, na hewa hiyo inategemea mkono wa anayechota.

Chukua hicho chako cha 240. Ukimwagia unga kwa kijiko na kufuta, kama huyo dada wa kwenye video, unapata gramu 120 mpaka 125. Kikombe hichohicho ukikizamisha ndani ya ndoo ya unga na kukitoa kimejaa, ni 140, 150, na mwenye mkono mzito anapita hapo. Hujabadilisha unga wala kikombe, umebadilisha mkono tu. Kwa vitu visivyo na hewa hakuna ugomvi: maji ni 240, sukari ni 200, asali ni kama 340. Asali naijua, naipima kila msimu.

Sasa wewe ulikuwa unachotaje kwa kile cha bati? Nikikisia, ulikuwa unakizamisha, unakigonga kidogo, unakitoa na kilima chake. Sokoni hiyo inaitwa lumbesa. Wakala wa Vipimo wanahangaika nayo miaka nenda miaka rudi kwenye magunia ya viazi na vitunguu, kumbe nyingine iko Pasua kwenye ndoo ya unga.

Nina maswali mawili, jibu kwa kutulia. Unga ulikuwa wa pakiti au wa kupimiwa dukani? Na pakiti moja ilikutolea keki ngapi, ikabaki nini? Niambie na sukari hivyohivyo.

---

Mama_Vanila
Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Shikamoo meku. Hiyo lumbesa umenipatia, nilikuwa nazamisha kabisa, na kilima chake.

Unga nilikuwa nanunua pakiti ya kilo mbili. Inatoka keki tatu, vinabaki vikombe viwili, na hivyo viwili nilikuwa navipikia chapati za Jumapili. Nina uhakika kwa sababu zile chapati hazikuwahi kutosha na watoto waligombana kila wiki.

Sukari ya kilo moja: keki mbili, inabaki kama kikombe kimoja lakini hakijai vizuri. Hiyo ilikwenda kwenye kopo la chai.

---

MekuMizani
Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Marahaba. Basi kikombe chako hakijapotea, umekuja nacho Arusha kwenye hizo chapati.

Keki tatu kwa vikombe vitatu ni tisa, ongeza viwili vya chapati, kumi na moja. Gramu 2,000 gawa kwa 11 ni 180 na kidogo. Chukua 180. Sukari: keki mbili ni vikombe vitatu, na hicho kisichojaa tukiite tisa ya kumi. Gramu 1,000 gawa kwa 3.9 ni kama 255. Na kwa kuwa sukari haina mchezo wa hewa, inatuambia ukubwa wa kikombe chenyewe: ikiwa 240 inabeba gramu 200, inayobeba 255 ni mililita 306 hivi. Vidole visikutane kweli.

Keki ya Pasua, basi, ilikuwa unga gramu 540 na sukari gramu 380. Keki ya Sakina ni vikombe vitatu vya 125, jumla 375, na sukari 300. Umeondoa gramu 165 za unga, karibu theluthi, bila kujua. Na siagi? Imebaki 250, kwa sababu inakuja kwenye kopo lake. Maziwa yamebaki robo lita, kwa sababu yanakuja kwenye pakiti yake. Mayai sita ni sita.

Kiwandani tulikuwa tunauita unga mia, kila kitu kingine kinahesabiwa juu yake. Mkate wa kawaida: unga 100, maji 60, chumvi 2. Ukipika kilo moja au gunia zima, hesabu haibadiliki. Keki yako ya zamani ilikuwa na siagi 46 kwa kila 100 ya unga. Ya sasa ina 67. Huo ndio ule mng'ao wa kwenye karatasi. Mume wako amwombe radhi dereva wa Fuso.

Kijana wa Sombetini naye hajakosea kabisa. Beking pauda vijiko vitatu, nakuuliza, vya kufuta au vya mlima?

---

Mama_Vanila
Jumanne, saa 1:41 asubuhi

Vya mlima, meku. Mlima wenyewe Kibo.

---

SkonziNaChai
Jumanne, saa 4:10 asubuhi

Hahaha! Hapo sasa. Kijiko cha chai cha kufuta ni kama gramu 4 na nusu hadi 5. Cha mlima kinaweza kufika mara mbili yake. Kwa unga wa 540, tena huku kwenye mita 1,400, vitatu vya kufuta vinatosha kabisa, kama gramu 14. Wewe umeweka labda 25 kwenye unga wa 375, lazima ipande ikiimba.

Halafu angalia mayai. Yai la kisasa bila ganda ni kama gramu 50, la kienyeji mara nyingi halifiki 40. Mayai sita ya kienyeji ni kama manne na nusu ya kisasa. Kama kule Moshi ulikuwa unatumia yale ya nyumbani na huku unanunua trei, hiyo nayo imeongeza majimaji.

---

ChaliiWaSombetini
Jumanne, saa 4:25 asubuhi

Nimeonewa, nimetetewa, nimeridhika.

Ila nunua mizani dada, nafuta kauli ya kiganja. Bibi yangu mwenyewe kiganja chake kilikuwa hakibadiliki, sisi tunabadilisha kila kitu.

---

Mama_Vanila
Jumanne, saa 6:15 mchana

Kwenye mayai nako nimekamatika. Kweli, Pasua nilikuwa naletewa na mama kutoka Kibosho, ya kienyeji. Huku nanunua trei. Sikuwahi kuliwaza hilo hata mara moja.

Meku, mizani gani? Nimeziona mbili: ile ya mshale yenye sinia juu, na ya betri nyembamba kama sahani.

---

MekuMizani
Jumanne, saa 11:40 jioni

Ya betri, inayobeba kilo 5 na kusoma gramu moja moja. Ya mshale kwenye kilo kumi haioni tofauti ya gramu 20, na ukiisoma umesimama inakupa namba moja, ukiinama nyingine. Kosa hilohilo lipo kwenye jagi la kupimia maziwa. Jagi liweke mezani uiname wewe, usilinyanyue kulileta machoni, mkono hausimami sawa.

Iweke juu ya meza ngumu, si juu ya kitambaa. Weka bakuli tupu, bonyeza kitufe irudi sifuri, mwaga unga mpaka 540. Bonyeza tena, sukari mpaka 380. Bakuli moja, huoshi vikombe. Ukizidisha chota urudishe, lakini kabla hujachanganya, maana sukari ikishaingia kwenye unga haina kurudi.

Siku ya kwanza ijaribu. Weka jagi tupu, rudisha sifuri, mimina maji yote ya chupa ya nusu lita. Isome 500 au karibu kabisa na hapo, kwa sababu mililita ya maji ni gramu. Ikisoma 470, rudisha dukani. Betri ikichoka namba zinaanza kucheza zenyewe, usizibishie, badilisha.

Maziwa unaweza kuyapima kwa gramu kama maji, tofauti ni ndogo mno. Mafuta ya kula hapana, ni mepesi: mililita 200 ni kama gramu 184. Ndiyo maana yanaelea.

Hamira na chumvi usizipime kwenye mizani hiyo kama ni gramu tatu au nne. Ikikosea gramu moja, imekosea robo au hata theluthi ya unachopima. Hapo kijiko cha kufuta cha mililita 5 kinaishinda mizani.

---

ChaliiWaSombetini
Jumanne, saa 12:05 jioni

Au uje mjini kwetu. Kaka yangu ni dalali wa tanzanite, ana kimizani kikubwa kama pakiti ya sigara, kinapima karati, na karati moja ni gramu 0.2. Tulishapimia hamira pale siku moja. Mteja wa jiwe aliyeingia akadhani tunafanya biashara nyingine kabisa, akageuza.

---

Mama_Vanila
Jumapili, saa 10:30 jioni

Nimerudi na majibu, wapendwa wangu.

Mizani nilinunua Jumatano. Maji ya nusu lita yalisoma 498, nikaikubali. Alhamisi nikaoka: unga 540, sukari 380, beking pauda vijiko vitatu lakini mkono ulinisaliti nikaweka milima kwa mazoea. Ilipanda, ikapasuka juu, ikashuka kidogo katikati, kama bakuli la kina kifupi. Karatasi kavu! Jumamosi nikaoka tena kwa vijiko vya kufuta, na mayai nikayapasua kwenye mizani mpaka 235, yakatosha matano, nikabakiwa na moja. Dakika 50. Imesimama. Nimeikata mbele ya mume wangu na jirani wa baridi ya Arusha, ndani kavu, laini, ile chembechembe ya shangazi kabisa. Mume wangu anasema oveni imezoea mazingira.

Ila sehemu tamu ni hii. Ijumaa nilimsimulia mama kwa simu habari za meku na chapati. Akaniambia vile vikombe vilikuwa sita, vilinunuliwa pamoja Mbuyuni mimi nikiwa darasa la pili, na kimoja anacho Kibosho. Nikamwomba akipime. Mama hana jagi wala chupa yenye namba. Akachukua bomba la sindano analonyweshea mbuzi dawa ya minyoo, la mililita 20, akaliosha (kaniapia kaliosha), akaanza kumimina maji kikombeni huku mtoto wa jirani anahesabu. Yakaingia mabomba kumi na tano, la kumi na sita likaingia nusu, kikajaa mpaka ukingoni.

Mililita 310. Meku ulisema 306.

Nimeandika gramu zote kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati. Ya vanila nimeacha wazi, maana nilipojaribu kuipima niliona namba haisogei.

Nilimwomba mama anipe hicho kikombe, nikiweke tu. Amekataa. Anasema anapimia ulezi wa mbege, na akibadilisha kikombe mzee ataonja na kujua.

---

MekuMizani
Jumapili, saa 11:02 jioni

Atajua kweli. Mwambie mama asikigawe. Na hizo mililita nne nilizokosea ni za chapati, kuna Jumapili ulichota pungufu.